Nilidhani private window inanificha, kumbe shemeji alikuwa anasoma kila nilichotafuta

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijasimuliwa, imenikuta mwenyewe hapa Mwanza. Shule niliishia darasa la nne, mwandiko mtanivumilia.

Mimi ni fundi baiskeli Pasiansi, miaka hamsini na moja.

Niliugua TB nikiwa nimepanga peke yangu Mirongo. Nilimeza dawa miezi sita, hospitali wakapima, wakasema nimepona. Mwili ulikuwa umeisha, ndiyo nikahamia Kiseke kwa mdogo wangu Sabina na mume wake Deo. Hao nawataja makusudi.

Ugonjwa sikuwaambia.

Simu alininunulia Deo. Email alinifungulia yeye, akaiweka na kwenye simu yake. Si mnajua huku kwetu, anayekupa simu ndiye anakufungulia kila kitu.

Pale tulikuwa tunakula sinia moja, na watoto. Roho haikutulia. Nikikohoa kidogo tu natafuta: "TB ikipona inarudi?" "Aliyepona TB anaweza kula na watoto?" Majibu yalikuwa mazuri, ila kesho nauliza tena.

Nilitumia private window, niliambiwa haiweki kumbukumbu.

Kosa langu hili hapa. Nikifungua, search engine, ule ukurasa wa kutafutia, inaniletea kitufe cha sign in. Nikaona huo ndiyo ufunguo wa kujifungia chumbani! Naingia na ile email, ndipo naandika. Kumbe kila neno linaenda kukaa kwenye akaunti, na akaunti anayo Deo.

Jumapili mchana, ugali na sato mezani, nimeshanawa. Sabina akanisogezea sahani pembeni.

"Kaka, chako hiki hapa."

Nikauliza kulikoni. Deo akacheka.

"Shemeji, si ulikuwa unauliza kama unaweza kula na watoto? Basi jibu ndiyo hilo."

Nikaleta karatasi ya hospitali ya kumaliza dawa. Hakuna aliyeishika. Watoto wakahamishwa upande wa pili.

Nilivumilia wiki mbili, nikarudi Mirongo.

Dada mmoja wa stationery karibu na kijiwe changu ndiye alinielewesha. Kwenye browser yangu, ukienda settings, sehemu ya search, unachagua engine ya dirisha la kawaida, na ya private unaiwekea yake. Kama unayoitaka haipo kwenye orodha, unaiongeza mwenyewe. Akaniwekea isiyodai akaunti, na email mpya nikafungua kwa mkono wangu.

Kwa hiyo wakuu, uki-sign in, private haikusaidii kitu. Na email usifunguliwe na mtu, hata awe ndugu wa tumbo moja.

Sasa hivi natafuta chochote, hakuna anayejua. Na hakuna anayeuliza.

Aliyepitia haya aniambie alirudije kula na ndugu zake. Kama hakurudi, aandike pia. Nipo, nasoma zote.