Shida Iliyokata Mshipi

Nilidhamiria kumwonyesha Ami Seif, baba wa mchumba wangu, kwamba nafaa kuwa mkwe wake. Kwa hiyo juzi, mimi mgeni kutoka Unguja, nikapanda boti yake kwenye mashindano ya uvuvi hapa Maskati. Kazi yangu ilikuwa kushika mshipi tuliokuwa tukiukokota nyuma.

Tulipofika mbele ya ufuo wa Qurum, mshipi ukakaza. Nguru mkubwa akaruka, bahari nzima ikang'aa mgongoni mwake.

"Shidda! Shidda!" Ami akapiga kelele kutoka kwenye usukani.

Nikajua tunazama. Kwa ushujaa wangu wote nikachomoa kisu, nikakata mshipi kuiokoa boti.

Nguru akaenda zake.

"Nnakwambia vuta, kwa Kiarabu!" akasema Ami. "Shida ya Kiswahili ndo wewe!"