Ripoti Iliyogongwa Muhuri wa IMELIPWA

Mwaka jana niliitwa chuoni nikawape ushauri wanafunzi wa uhandisi kemikali. Nilipewa nusu saa na chupa ya maji. Kijana wa kwanza kunyoosha mkono akauliza afanye nini ili apate kazi kabla ya wenzake. Wa pili akataka kujua kama alama mbaya zinaweza kufichwa kwenye barua ya maombi. Mimi hasira zangu zinakaa karibu. Hotuba yangu ya kurasa nne nikairudisha mfukoni, nikawaambia, haya, kaeni vizuri, niwasimulie sabuni ya shangazi yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, viwanda vinauzwa kila kukicha. Nilikuwa mwaka wa pili hapo Dar es Salaam. Likizo ndefu ikifika, kila mwanafunzi alitakiwa akafanye mafunzo kwa vitendo wiki nane, arudi na tathmini ya msimamizi wake ndani ya bahasha iliyofungwa. Usipoileta, au ikija mbaya, unarudia mwaka. Na mimi nilikuwa nimeshaurudia mwaka wa kwanza, na chuo hakikuruhusu kurudia mara mbili. Ningedisko, ndivyo tulivyoita kufukuzwa, nikarudi Kasulu kupalilia maharage mbele ya watu walewale walioniaga kwa ngoma.

Nilipangiwa kiwanda cha nguo. Nilipofika getini nikamkuta mlinzi mmoja na mbuzi wawili.

"Kiwanda kimeuzwa," mlinzi akasema.

"Kwa nani?"

"Labda uwaulize hawa," akasema, akiwaonyesha mbuzi.

Nikarudi kwa mwalimu wetu wa mafunzo, nikamkuta amechoka na wanafunzi waliokosa viwanda. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Nenda popote panapotengenezwa kitu, mradi msimamizi akujazie fomu." Mimi nilijua sehemu moja tu panapotengenezwa kitu. Nikapanda treni hadi Kigoma, basi hadi Kasulu, na kutoka pale nikatembea kwa miguu hadi Heru Juu, ambako shangazi yangu alikuwa akipika sabuni ya mawese kwenye mapipa mawili nyuma ya jiko lake.

Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, kwamba yeye ndiye atakuwa msimamizi wangu.

"Msimamizi ndiyo nani?"

"Mkubwa wangu wa kazi, shangazi."

"Basi kateke maji."

Niliteka maji wiki nzima. Ya pili nilipasua kuni. Ya tatu nikaruhusiwa kusogelea pipa, na hapo ndipo nilipoanza kuona aibu kwa niaba yake. Kwanza alikuwa akiyachemsha mawese hadi "yanyamaze", yaani hadi yaache kutatarika motoni. Kisha anamimina kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, huku anakoroga na mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Mwisho anachota kidogo, anaacha kipoe, anagusisha ncha ya ulimi. Kikimng'ata ulimi, anaongeza mafuta. Kisipomng'ata, anasema, "Imeiva."

"Shangazi," nikamwambia, kitabu changu cha kemia kiko mkononi, "ulimi si kifaa cha kupimia."

"Na hicho kitabu chako kimewahi kufua hata shuka?"

Wiki ya tano binti yake akajifungua kule Kumsenga, upande wa Kibondo. Ilibidi shangazi aende kumhudumia mzazi. Akanikabidhi mapipa kwa maneno machache sana: "Mwana wanje," yaani mwanangu, "chemsha mafuta hadi yanyamaze. Ukimaliza kupika, onja. Hujaonja, usikate."

Basi! Basi lake halijavuka hata mto, mimi nimeshafungua kitabu. Nilifanya hesabu kurasa tatu, nikazipigia mistari kwa rula. Madebe mawili ya mafuta, kostiki kiasi kadhaa, mpaka desimali ya pili. Kuchemsha nikakuruka, maana kuni zilikuwa mbichi na kitabu hakikusema popote kwamba mafuta huwa yanapiga kelele. Kuonja ndiyo kabisa, thubutu! Mhandisi halambi kazi yake. Sabuni ikaganda ngumu, nyeupe kuliko zote alizowahi kupika shangazi. Nikaikata miche iliyonyooka. Nakumbuka niliusimamisha mmoja dirishani, nikawa naupita makusudi niutazame.

Akina mama wa kwaya ya kanisa waliinunua yote, ukabaki ule mche wa dirishani. Walialikwa kuimba Munanila Jumapili ile, na walikuwa na sare mpya za bluu zinazotaka kufuliwa.

Jumamosi mchana mwenyekiti wa kwaya akaja, amebeba furushi kwapani. Sasa, mtu asiyewajua Waha hataelewa mateso niliyoyapata. Kwetu hata nyumba ikiungua, salamu kwanza. Mama yule akachuchumaa, akapiga makofi yake polepole, akaniuliza nimeshindaje. Akauliza nyumba imeshindaje. Akauliza mbuzi. Akauliza safari ya shangazi, mzazi, mtoto, baba wa mtoto, mvua ya Kumsenga. Mimi najibu moja moja huku macho yangu yako kwenye viganja vyake, maana vilikuwa vimebabuka kama kiazi kilichochemshwa kikaanza kumenyeka. Salamu zilipokwisha akafungua furushi, akakunjua gauni. Mungu wangu! Bluu ilikuwa imebaki kwenye pindo. Kwingine kote mabaka ya rangi ya majivu.

"Ni kostiki ya dukani," nikasema haraka. "Ilikuwa mbovu."

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu mjini Kasulu, mzaliwa wa Pangani, rafiki wa shangazi tangu sijazaliwa. Hakuna aliyeniona nikipika. Nilisema vile na neno likashika, likatembea kijiji kizima. Kwaya ilikwenda Munanila na mabaka yake, na nasikia wenyeji waliuliza kitambaa kile kinapatikana wapi.

Shangazi aliporudi Jumatatu alikuwa ameshayasikia njiani. Hakuketi. Akachukua ule mche wa dirishani, akaufunga kwenye upande wa kitenge, akashika njia ya mjini. Nikamfuata. Njia nzima alikuwa akiyapanga matusi yake, na mengine hata sikujua anayajua. "Miaka yote hii! Nimekula pilau ya Idi nyumbani kwake! Leo atanitambua." Nikaanza kuuona mji, bati la duka linang'aa, na nikamwona kama vile ameshafika, mzee wa watu ametoka kumpokea na kicheko chake.

"Shangazi, simama," nikasema. "Ni mimi. Sikuchemsha. Wala sikuonja."

Akasimama. Akakifungua kitenge, akavunja kipande kidogo, akaninyooshea.

"Onja."

Niligusa tu kwa ncha ya ulimi. Uwiii! Nilitema mate hadi koo likakauka, na shangazi akaketi kwenye ukingo wa njia akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Wauza mawese wengine huyaongezea maji. Ndiyo maana yanatatarika, na ndiyo maana unayachemsha kwanza. Mimi niliyahesabu maji kama mafuta, kostiki ikabaki haina cha kula, ikaenda kula magauni. "Kitabu chako hakikukosea," akasema. "Wewe ndiye hukutazama ulichotia pipani."

Wiki zilizobaki zilikwisha kwa kuwaomba radhi akina mama nyumba kwa nyumba, na salamu zote zile kila mlango, na kupika upya. Nilionja kila pipa.

Siku ya kujaza fomu tukaenda dukani, maana shangazi hajui kuandika na mzee wa Pangani alikuwa na mwandiko wa kujivunia. Waliniambia nikae nje. Nikawasikia wanacheka ndani, wanacheka tena, halafu kalamu ikakwaruza muda mrefu, na sauti ile haikunipendeza hata kidogo. Fomu ilidai muhuri, na duka lilikuwa na mmoja tu, ule wa IMELIPWA. Wakaugonga. Bahasha wakaifunga kwa uji wa muhogo.

Safari nzima ya treni bahasha ile ilikuwa kifuani mwangu. Ilinuka mawese. Mara mbili niliiweka juu ya mvuke wa chai, na mara mbili nikaiondoa, nikijitukana. Nilijua kilichomo. Mwanamke yule hajawahi kusema uongo hata kwa mgonjwa, na mimi nilikuwa nimeharibu pipa zima.

Mwalimu akaifungua mbele yangu. Akaigeuza karatasi yenye ule muhuri huku na huku.

"Hapa kilicholipwa ni nini?"

"Sijui, mwalimu."

Akaanza kusoma kwa sauti. "Kijana huyu aliharibu sabuni yangu pipa zima na sare za kwaya. Haulizi. Anakula sana. Alimsingizia mtu asiye na kosa, nikawa naenda kumtukana rafiki yangu wa miaka mingi. Akanisimamisha njiani akasema ni yeye, na hakuna aliyekuwa amemwona. Kupika sabuni nimemfundisha. Kusema vile sikumfundisha mimi."

Chini palikuwa na mstari mmoja zaidi, na alama ya dole gumba yenye rangi ya mawese. Mwalimu akausoma taratibu.

"Msimrudishe huku kabla hajamaliza chuo."

Nililia palepale, mwanamume mzima wa miaka ishirini na tatu, na mwalimu akajifanya anatafuta kalamu.