Ekila ya Matembele

Sufuria ya matembele ilirudi jikoni jinsi ilivyokwenda, imejaa, mafuta ya mawese yameganda juu yake kama kifuniko. Mama mukubwa wangu aliitazama, akanitazama mimi, akasema, "Hawa watoto wanatafuta tufukuzwe."

Na ilikuwa kweli. Directeur wa shule alikuwa ameshakuja kusimama mlangoni, mikono nyuma, akasema chakula kikiendelea kumwagwa atafunga jikoni, na wanafunzi watakwenda kula kwao. Sisi tulikula kwenye jikoni hiyo hiyo: mama mukubwa, yaani dada mkubwa wa mama yangu, ambaye ndiye alikuwa mpishi, mimi niliyemsaidia, na mtoto wangu wa kwanza, ambaye bado alikaa mgongoni. Jikoni ikifungwa, na sisi tunafunga midomo.

Ulikuwa wakati wa uasi. Meli hazikupanda tena mto kutuletea vitu, na pamoja na meli zilipotea sardini, mchele na maharagwe. Kilichobaki ni kile kinachoota chenyewe: matembele, yale majani ya viazi vitamu, na pondu, yaani majani ya mihogo, na lengalenga, mchicha wetu, na biringanya, na mapapai. Samaki walikuwa wachache, wa wavuvi wa kwenye maporomoko. Lakini bustani ya shule, kule upande wa mto Tshopo, ilikuwa ya kijani mpaka macho yanauma. Hatukuwa na njaa. Tulikuwa na vijana.

Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na nani alikaa karibu na nani kwenye benchi. Siyaandiki. Wengine sasa ni wazee wenye mvi, nakutana nao sokoni wakichagua lengalenga kwa makini, na wananisalimia kwa heshima nyingi kupita kiasi.

Ubishi wao haukuanza na uasi. Tangu dipanda, ndivyo tulivyouita uhuru, walikuwa wameambiwa kwamba sasa kila mtu atakula kama mzungu. Mama mukubwa, ambaye alikuwa amepikia wazungu, aliwajibu, "Muzungu anakulaka majani mubichi, na siki juu. Nilete?" Wakarudi kwenye sahani zao. Ila waasi walipoingia mjini, wale waliokaa kwenye kizuizi cha barabara walikuwa wamevaa majani kichwani, na hapo vijana wetu wakapata neno. Mmoja wao, mrefu, ambaye sauti yake ilikuwa bado haijaamua kama ni ya mtoto au ya papa, yaani baba mzima, alisimama mbele ya sahani.

"Mama, majani iko ya kuvaa. Haiko ya kula."

"Bon, vaa basi," mama mukubwa akamwambia. "Lakini ya kwangu iko na mafuta."

Kesho yake alikuja na jambo zito zaidi. Alikuja na ekila.

Ekila kwetu ni chakula ambacho ukoo wako au mkubwa wako amekukataza, na hakuna mpishi anayefanya mchezo nayo. Mgeni akikaa tu, unamwuliza kwanza anakatazwa nini. Siku hizo waasi nao walikuwa na dawa zao na ekila zao nyingi, mji mzima ulizungumza hayo. Donc, basi, yule mrefu akatangaza kwamba tonton wake, kaka wa mama yake, aliyekaa Isangi, kule mto unakoshukia, amempa ekila ya matembele. Akiyala, nguvu zake zote zitamtoka.

"Nguvu gani?" akauliza msichana mmoja wa familia za wavuvi. "Juzi kuku alikukimbiza!"

Walicheka, lakini kabla wiki haijaisha kila mvulana alikuwa na ekila yake. Huyu lengalenga, yule pondu. Mapacha waligawana, mmoja papai, mwingine biringanya. Hakuna hata mmoja aliyekatazwa samaki, wala mikate ya kukaanga. Wenye katazo la kweli walikuwa wawili tu: yule msichana, ambaye ukoo wao hauli kambale, na kijana mmoja wa familia ya wafanyabiashara Waislamu, ambaye hakula nguruwe. Huyo aliwacheka wenzake waziwazi.

"Sisi yetu tulizaliwa nayo. Nyinyi yenu muliokota hapa mulangoni ya jikoni."

Mama mukubwa hakucheka. "Ekila ni ekila," alisema. "Nitaiheshimu." Na heshima yake, wee, afadhali fimbo.

Kwa desturi, mtu mwenye ekila hali kutoka chungu kilichopika kile alichokatazwa. Na sufuria zetu zote zilikuwa zimepika majani tangu zinunuliwe. Alors, basi, mama mukubwa alitafuta kopo kubwa la maziwa ya unga ambalo halijapika kitu, akaliweka kwenye mafiga yake peke yake nje, akachemsha humo mihogo mitupu. Akawapakulia wavulana wote, isipokuwa yule Mwislamu.

"Mama, na samaki?"

"Samaki alilala na matembele mu sufuria moja."

"Mafuta kidogo?"

"Mafuta ndiyo ilipika pondu."

"Chumvi, basi! Chumvi!"

"Chumvi nachota na mikono. Mikono ilichuma lengalenga. Papa wangu, unataka nikuue?"

Wakati huo mtoto wangu alikuwa amenyoosha mkono kutoka mgongoni, amechota matembele kwenye sufuria niliyokuwa nikipakulia wasichana, na anatafuna, mafuta mpaka masikioni. Wale wavulana walimtazama kama watu wanavyomtazama tajiri.

Tulidhani tumeshinda. Lakini saa ya kupalilia bustani ilipofika, wavulana wa ekila walikaa barazani. Yule mrefu akaja kwa adabu kabisa, mikono kifuani.

"Pardon, Mama. Mutu ya ekila hagusi majani yake. Hatuwezi kulima."

Mama mukubwa akachukua majembe yao, akawapa wasichana. Desturi inasema hivyo hivyo. Basi wasichana na yule Mwislamu wakapalilia bustani nzima, na wavulana, kutoka kivulini, wakawaimbia nyimbo za kuwatia moyo huku wameshika matumbo kwa njaa. Magugu yakapanda. Directeur akapita, akaona magugu, akaona sufuria ya majani bado imejaa, akasema, "Jumamosi nitakuja mwenyewe saa ya chakula. Nikikuta sufuria imejaa, nafunga."

Jioni hiyo yule msichana wa maporomoko aliingia jikoni na jembe lake, viganja vimetoka malengelenge.

"Mama, ekila iko na mwenyewe. Aliyeitoa ndiye anaifungua, si ndiyo?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Tonton ya ule murefu iko Isangi. Papa yangu anashuka Isangi na mutumbwi. Amwite?"

Mama mukubwa akamkumbatia pamoja na jembe.

Jumamosi, nikiwa nimesimama kwenye sufuria na upawa mkononi, na Directeur bado hajafika, mlangoni kulitokea mzigo wa majani unaotembea. Chini ya mzigo alikuwemo mwanamume mfupi, analowa jasho. Mzigo ulikuwa umekatwa upande mmoja, kwa sababu kwenye kizuizi waasi walikuwa wamechukua kidogo kwa ajili ya vichwa vyao. Huyo ndiye tonton. Ujumbe uliomfikia ulikuwa mfupi: mutoto hakuli, shauri ya matembele. Naye akaelewa kwamba shuleni hamna matembele.

"Mutoto ya dada yangu!" akalia. "Wanakunyima matembele? Weye uliyekuwa unalilia matembele kuliko maziwa?"

Benchi moja la wasichana lilianguka nyuma na watu wake wote. Yule mrefu alikuwa anachunguza vidole vyake vya miguu.

"Tonton," mama mukubwa akasema polepole, "anasema weye ulimupa ekila."

"Mimi?"

Akamtazama mpwa wake, na mpwa akamtazama kwa macho ambayo hata mawe yangeyahurumia. Na hapo hapo Directeur akaingia, mikono nyuma. Tonton alikuwa mtu mwema. 

"Eeh. Nilimupa. Nilisahau." Akavua kofia. "Na sasa naondoa. Leteni maji."

Akajaza maji mdomoni, ndivyo ekila inavyofunguliwa, akampulizia kijana usoni, mengi kuliko ekila ilivyohitaji nadhani, kisha akamtia tonge la matembele. Kijana akatafuna. Akafumba macho. Akaleta sahani.

Wa lengalenga akasimama. "Na mimi, tonton?"

"Mimi siko tonton yako."

"Yangu iko mbali. Utufanyie tu."

Wakapanga mstari. Tonton akapuliza mpaka mtungi ukaisha, na yule msichana wa maporomoko akakimbia kuleta mwingine, na ndiye aliyekuwa akimwonyesha tonton nani aongezewe maji. Kila aliyelowa alikuja kwangu na sahani. Nilipakua mpaka upawa ukaanza kugonga chini.

Mama mukubwa akampelekea Directeur sahani yake. Yeye akarudi nyuma hatua.

"Non, non, Mama. Mimi daktari alinikataza majani."

Midomo yote ikaacha kutafuna. Yule kijana Mwislamu akasema, taratibu, kama anazungumza na mwiba wa samaki wake, "Kumbe hata Monsieur le Directeur iko na ekila."

Tonton, mashavu yakiwa tayari yamejaa maji, akageuka upande wake.

Directeur aliyatazama yale mashavu. Akatazama shati lake, jeupe, lililopigwa pasi. Akachukua kijiko haraka.

Alipokuwa anatafuna, mama mukubwa aliinamisha sufuria ili aone ilivyokwisha. "Tunafunga jikoni, Monsieur le Directeur?"

Alikuwa ameshatia kijiko cha pili mdomoni. Akatikisa kichwa kwamba hapana, akaninyooshea sahani.