Jembe Lililosuguliwa

Juzi mjukuu wangu aliniita nikaone televisheni. "Bibi, njoo umwone mzungu anayejua vitu vya kale!" Nikaenda, nikamkuta mwanamume mwenye tai amekaa mezani, watu wamepanga foleni, huyu ana birika, huyu ana saa ya babu yake. Anakigeuza kitu, anakikodolea macho, kisha anasema kimetoka wapi na enzi ya nani, na watu wanapiga makofi. Nikamwambia mjukuu azime. "Bibi, kwani kakukosea nini?" Hajanikosea kitu, maskini. Ila kazi ile naijua. Kaka yangu aliifanya sokoni Njombe wakati wa Mwingereza, bila tai wala televisheni, na kazi hiyohiyo ndiyo iliyonirudisha kwa mume niliyemkimbia.

Kaka alianza kama mpagazi. Alibeba mizigo kutoka milima ya Upangwa kushuka mpaka Manda na Lupingu, kule ziwani, na njiani alipita kwenye matanuru ya udongo ambamo wazee waliyeyushia chuma kabla ya majembe ya dukani kuja. Wenzake wakipumzika, yeye anakwenda kupiga soga na wafua chuma wachache waliobaki. Akaijua kazi ya kila mmoja wao kama mimi ninavyojua kikohozi cha kila mwanangu. Baadaye akachukuliwa na bwana mmoja wa Kizungu aliyekuwa akikusanya vitu vya kale. Siku za soko bwana huyo aliweka meza chini ya turubai, kaka akakaa, na watu wakaleta vigoda, mikuki, shanga, hela za Mjerumani, na zaidi ya vyote majembe yale mazito yaliyofuliwa zamani.

Loo, soko lilikuwa linasimama! Hata wauza viazi waliacha viazi vyao. Kaka alikuwa akilichukua jembe, analinusa, analigonga kwa ukucha karibu na sikio, kisha analigeuza juani aone masizi yalivyokaa na nyundo ilivyopita. "Hili la Ukinga," anasema. "Aliyelifua alitumia mkono wa kushoto. Na limekaa darini juu ya moto, halijawahi kulima hata siku moja." Mwenye jembe anaruka, "Ehee! Nani kakwambia?" Akiletewa lililosafishwa alikuwa mkali kama pilipili. "Nani kakutuma usugue? Mmefuta alama zake, sasa mnaniuliza nini?"

Na hakuwa na upendeleo. Siku moja mama yetu alimpelekea kigoda akidai ni cha bibi yake. Kaka akakigeuza mbele ya soko zima, akasema, "Mama, mti huu bado una maji." Watu wakavunjika mbavu. Mama alinuna, na kwa muda mrefu kaka alikuwa akitengewa ugali uliopoa. Lakini habari ile ikasafiri mpaka Makambako na kwingineko. Watu wakasema, yule hamsitiri hata mama yake mzazi, kwa hiyo akisema kitu ndicho, ndicho.

Mimi niliolewa Makambako. Mume wangu alikuwa na mashamba mazuri, uso mzuri na mkono mbaya. Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulipoanza, na kwetu ulanzi unagemwa wakati wa mvua, nilijua kwamba nitapigwa. Sikio langu la kushoto halisikii mpaka leo. Alilipiga kwa kiganja kwa sababu nilichelewa kuitika. Mimba yangu ya kwanza ilitoka jikoni kwake. Nikaenda kwa mzee wa kanisa, akaniambia nivumilie. Nivumilie! Yeye alikuwa anarudi nyumbani kwake jioni. Mimi nilikuwa narudi wapi? Nikadandia lori la mahindi, nikarudi Njombe kwa baba na mama nikiwa na nguo nilizovaa tu.

Baba aliniangalia uso, akaenda kukaa nje peke yake. Aliporudi alisema, "Ng'ombe wao watarudi. Na jembe litarudi. Hurudi tena kule."

Hapa sharti nieleze, maana vijana wa leo hawajui. Sisi ni Walutheri, tumebatizwa, lakini jembe la mahari halikubatizwa. Ng'ombe wa mahari huweza kufa, ukatoa wengine, hakuna neno. Jembe hapana. Jembe lile babu wa mume wangu alilitaja kwa wazee wao waliokufa siku ya kuniposa, na wazazi wangu wakalihifadhi darini. Mke akiondoka, lazima lirudi lilelile. Lisiporudi lilelile, mke bado ni wao, hata akizeeka kwa baba yake.

Letu lilikuwepo. Nililiona kwa macho yangu likishushwa darini, jeusi tititi, na nililia kwa furaha.

Sasa sikilizeni alichofanya mama, na msimcheke. Kwetu mkwe harudishiwi kitu kichafu. Ukimrudishia mkwe chungu, unakiosha. Ukimrudishia ungo, unaupangusa. Kupeleka kitu chenye masizi kwa wakwe ni kuwatukana. Mama alitaka nitoke kwa heshima, asiwepo wa kusema binti yake katoka ukoo wa wachafu. Akalipeleka jembe kijitoni, akalisugua kwa mchanga na majivu. Masizi yakatoka, kutu ikabaki. Akampelekea fundi, fundi akalipasha moto, akalinyoosha, akalipiga tupa likang'aa. Kisha mama akalipaka mafuta ya mbarika, akalifunga kwa kitambaa cheupe. Kaka alikuwa safarini na bwana wake. Aliporudi, tulikuwa tayari tumeshawatumia wakwe ujumbe, na kitambaa kimeshafungwa.

Barazani kwa jumbe wa Makambako watu walikuwa wengi. Tukaamkiana vizuri, kamwene, kamwene, kama watu wanaopendana. Ng'ombe wakakubaliwa. Mama akapiga magoti, akamkabidhi mume wangu ule mzigo. Mume wangu akaufungua, akalinyanyua jembe, akalipima mkononi, akampa baba yake mdogo bila kusema neno. Mzee yule akalitazama, akaguna. "Jembe letu lilikuwa jeusi. Hili mmelinunua wapi?"

"Ndilo!" mama akalia. "Nimelisugua tu! Nimelisugua kwa ajili yenu!"

"Mbona kila mtu anaweza kusema hivyo?"

Kelele zikaanza. Jumbe akapiga fimbo chini, akauliza nani atakayeamua. Mtu mmoja nyuma akasema, "Yule wa sokoni Njombe si yupo?" Mwingine akasema, "Yule ni kaka wa mwanamke, mganga hajigangi." Hapo mume wangu akasimama. Akasema kwa sauti ya upole, sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, "Mimi namkubali. Shemeji akisema ndilo, nachukua jembe langu, na mwanamke aende kwao."

Niseme kweli, nilimshukuru Mungu palepale. Neno moja tu la kaka yangu, tumbo moja na mimi! Angeshindwaje kulisema?

Kaka akalichukua. Akalinusa. Akaligonga kwa ukucha, akaliinamia. Akalitoa juani, akaligeuza huku na huku. Nilimtazama machoni nikashika sikio langu lililokufa. Aliniona. Akaligonga tena.

"Linanuka mafuta ya mbarika," alisema. "Nyundo ya aliyelifua haionekani, tupa imekula yote. Siwezi kusema ndilo." Akalirudisha kwenye kitambaa chake. "Wala siwezi kusema silo."

Mama akaanguka chini. "Nimemuua mwanangu kwa mchanga!" Wanawake wakamshika. Jumbe akasema kesi imeishia hapo. Mpaka jembe la haki litakapoletwa, mwanamke ni wa mumewe.

Kaka alinifuata pembeni mwa baraza nilipokuwa nafunga khanga yangu. Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima na ndevu zake. "Mdogo wangu, nisamehe. Nimetafuta alama yake, nimeikosa. Nikisema uongo kwako leo, kesho nani ataniamini?"

"Kesho ya nani, kaka?"

Nilimchukia pale kuliko nilivyomchukia mume wangu, maana ubaya wa mume wangu niliuzoea. Baba alikuwa amegeukia ukuta. Nilitaka mmoja wao anishike mkono, aseme hapana, huyu haendi, liwalo na liwe. Hakuna aliyesema. Nikamfuata mume wangu.

Njia ya kwake ilipita kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Upepo wa baridi ulikuwa unapiga, na mimi sina hata khanga ya pili. Yeye mbele, mimi nyuma. Alikuwa anapiga mbinja. Tulipovuka kijito akapunguza mwendo, akasema bila kunitazama:

"Lilikuwa lenyewe."

Nilidhani sikusikia vizuri kwa hili sikio. "Unasemaje?"

"Jembe. Nimelibeba begani mwenyewe kutoka kwa babu mpaka kwenu. Nisilijue uzito wake? Nililijua nilipolinyanyua tu."

"Sasa kwa nini ulimkubali kaka?"

Akacheka kidogo. "Kwa sababu na yeye namjua."

Kisha akaendelea na mbinja yake. Nikasimama katikati ya njia. Hakugeuka hata kutazama kama ninakuja. Nikaenda.