Tawi Zuri Kwenye Pipa la Samaki

Enzi zetu mti ulichaguliwa kwa ulimi. Ninyi mliokaa dawati moja nami siku zile za vijiji vya ujamaa mnajua ninachosema. Wengine waulizeni bibi zenu, kama mtapata nafasi ya kuinua macho kwenye simu.

Yamenijia haya kwa sababu ya mjukuu wangu Elisha. Ni kijana mkubwa, anakaa Singida mjini, na sebuleni kwake ameweka tangi la kioo lenye samaki wa ndevu, mdomo wa kunyonya, wanaojibandika kwenye kioo kutwa nzima kama watu waliokosa kazi. Samaki hao, aliniambia, hawana raha bila kipande cha mti wa kujifichia na kukwangua. Sawa. Kumbe mti wenyewe ameuagiza Dar es Salaam! Umekuja na basi, ndani ya mfuko wa plastiki, na karatasi ya maelekezo juu yake. Mtu aliyezaliwa mkoa wenye msitu wa Mgori anaagiza kuni mjini. Nilicheka hadi nikashika mbavu, na kila Jumapili aliponipigia simu nilimuuliza hali ya kuni zake.

Sisi tulikuwa na pipa. Shuleni kwetu, upande wa Ilongero, lilikatwa nusu likawekwa kivulini nyuma ya darasa la tano. Tulilijaza kwa maji ya kubeba kichwani baada ya kutoka shamba la shule, tumboni uji wa asubuhi tu. Humo viliishi visamaki vya mto wetu, vyeusi, vyenye ndevu, mdomo uko chini. Ukikishika kinakubusu kiganja. Kila kiangazi mto ulikatika ukabaki madimbwi, na mwaka ule hata madimbwi yalikuwa yanakwisha. Mwalimu Yohana, mtu mkali ambaye kaptula yake ilipigwa pasi hadi ingeweza kusimama yenyewe, alituamuru tuviokoe vilivyobaki, tuvitunze hadi mvua, kisha tuvirudishe. Tulivipata kumi na saba.

"Vikifa hivi, mto wenu hauna tena mbegu," alisema.

Mti wa kutia pipani haukuokotwa ovyo. Ulitakiwa uwe umekufa zamani, umeoshwa na mto, mzito wa kuzama bila kufungiwa jiwe. Tuliumenya magome, tukaunusa, tukauvunja ncha tuuone moyo wake. Mwisho tuliulamba. Ukiwa mchungu au ukiwasha, unatupwa. Uliofaulu uliloweshwa, maji yakabadilishwa na kubadilishwa hadi yakaacha rangi ya chai. Kijana wa leo mwambie alambe mti, atauliza kwanza kama kuna mtandao.

Basi zamu yangu ya kuleta mti ikafika. Wenzangu walikuwa wameleta mizizi myeusi, mibaya ya kutazama. Mimi nilitaka uzuri. Kwenye ua wa zizi letu kulikuwa na tawi la mnyaa lililokauka, jeupe, limechanua kama pembe za swala. Ndiyo, mnyaa huo huo wenye maziwa ya kupofusha macho. Lakini mnyaa mkavu tuliuwashia moto kila siku, nami niliamini ukishakauka hauna neno tena. Baba alinikuta nikilikata.

"Moyo wake umeutazama?" aliuliza.

Nilimjibu ndiyo, baba. Sikuwa nimeutazama. Kulilamba ndiyo kabisa sikuthubutu, na kuliloweka niliona kunanicheleweshea sifa. Nililitumbukiza pipani siku hiyo hiyo, wasichana wakanipigia makofi.

Asubuhi visamaki vyote vilikuwa vinaelea, tumbo juu. Mwalimu Yohana alilitoa tawi, akalivunja gotini. Ndani lilikuwa bichi, likachuruzika tone jeupe. Nilisubiri fimbo. Hakunichapa. Aliniambia nivihesabu kwa sauti, mbele ya darasa zima. Ningependa fimbo mara mia.

Mvua zilipokuja mto ukajaa, tukaenda kusimama ukingoni mikono mitupu. Sijakiona tena kisamaki kile mtoni kwetu, na kwa miaka yote hii sikumwambia mtu nyumbani kwangu.

Mwezi uliopita Elisha alikuja kunisalimia. Alipiga shikamoo, akala ugali wa uwele na mlenda kwa kuchokonoa, kama kawaida yao, kisha akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta kwenye ua wa mnyaa, panga mkononi, ameshika tawi kavu, jeupe, lililochanua vizuri.

"Umenicheka vya kutosha, bibi," alisema. "Leo napeleka mti wa kwetu."

Nililipokonya nikalivunja. Ndani bichi. Nilikaa chini pale pale, nikamsimulia habari za pipa. Nilimwambia arudi kwenye mti wake wa dukani. Alikuwa na haki ya kunicheka, lakini hakucheka.

"Wote kumi na saba, bibi?" aliuliza tu.

Vijana wa leo bado nawadharau, msidhani nimelainika. Hawajui kubeba ndoo, hawajui jembe, na kuni wanazisomea maelekezo. Lakini Elisha aliyasoma hadi mwisho, na samaki wake wako hai. Yeye ana tangi la kioo sebuleni. Mimi nilikuwa na mto.