Majiko Manne ya Veranda

Enzi zetu hukuhitaji kengele ili ujue nani anapanda ngazi. Ulimtambua kwa miguu. Patapata za mpira za Baba zilipiga makofi, viatu vya Mama Boke wa mlango wa mwisho viliburuta kisigino, na sisi watoto tulisikika kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Mama yangu hakuinua hata macho kutoka kwenye sufuria. Akisikia miguu asiyoizoea, aliniambia, "Atieno, ongeza maji ya ugali."

Nasema na nyinyi mliocheza bladder, ule mchezo wa kuruka kamba ya mpira, mpaka magoti yakawa na kovu juu ya kovu. Nyinyi mliopandishwa juu ya paa kugeuza antena, mtu akapiga kelele kutoka ndani, "Hapo hapo! Usiguse tena!" mkabaki mmeshika chuma kama sanamu mpaka taarifa ya habari ikaisha. Hawa wa siku hizi picha ikikwama kidogo tu wanataka kulia.

Nyumba tuliyokulia iko Homa Bay, kwenye mteremko wa kilima cha Asego, mtaa ambao leo ukisema unakwenda huko watu wanakuangalia viatu kuona kama unafaa. Mhindi mmoja mfanyabiashara aliijenga kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, duka chini, makao juu. Wanawe walipohama, familia nne zilichanga zikainunua kwa ushirika. Hakuna aliyemiliki chumba wala ukuta. Ulimiliki hisa, na hisa ndiyo iliyokupa mlango. Ukitaka kuuza, wenye milango mingine lazima wamkubali anayeingia. Mlango mmoja ukikataa, basi, mgeni ashuke ngazi.

Milango yote minne ilifungukia veranda moja ndefu, yenye nguzo za chuma na sakafu ya saruji nyekundu. Ijumaa baada ya shule tuliipaka nta, kisha mmoja akaketi juu ya gunia na wengine wakamvuta kutoka mwisho hadi mwisho. Sakafu iling'aa. Kaptula za wavulana nazo zilikuwa na jua linalotua upande wa nyuma, na mama zao waliwangojea mlangoni wameshika viuno.

Mbele ya kila mlango palikuwa na jiko la makaa. Tulipikia nje kwa sababu upepo wa ziwa ulibeba moshi, na kwa sababu anayepikia ndani ana kitu anachoficha. Jua likishuka, samaki wetu ngege walilia ndani ya mafuta, omena, wale dagaa wa ziwani, wakanukia nyanya na kitunguu, na ukipita na sahani mkononi ulifika mwisho wa veranda umeshiba kabla hujaketi. Jirani zetu Wasabato hawakula mumi, samaki asiye na magamba, basi Wakatoliki wa mlango wa pili waliposhikwa na hamu ya mumi walisukuma jiko lao hadi kona ya mbali. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo. Ilijulikana tu, kama unavyojua kwamba mzee hapitwi bila salamu.

Mgeni aliyetaka kununua hisa hakuulizwa maswali. Alipewa kigoda akaketishwa katikati ya majiko, mahali moshi unapogeukia, nao akina mama wakaendelea kupika huku wakimtazama kwa pembe ya jicho. Aliyeziba pua hakupata mlango. Mama Boke alikuja kutoka kwa Wakuria, kule mpakani, watu wa ng'ombe na maziwa, na sote tulijua samaki watamshinda. Macho yalimtiririka machozi, lakini mkono haukupanda puani. Alipopewa kipande alikitafuna polepole, akameza, akasema, "Samaki wenu ni wazuri, lakini mmewanyima chumvi."

"Huyu ni wetu!" Mama akapaza sauti, na veranda nzima ikacheka. Jioni hiyohiyo Mama Boke alikuwa akitoa amri juu ya sufuria za wengine.

Kisha Baba akahamishiwa Migori, hisa ikauzwa. Mama alifanya biashara sokoni kwa miaka mingi, akilala karibu na barabara kuu, ndoto zake zikikatizwa na honi za malori yaendayo Isebania mpakani. Hakulalamika. Ila kila samaki walipoletwa kutoka ufuo wa Sori aliwanusa akasema, "Hawa wangekaangwa Homa Bay." Baba alipofariki, alibaki na ombi moja: azeekee pale anapoweza kugeuza samaki huku akiliona ziwa. Ndiyo maana niliposikia kwamba mlango wetu, mlango wetu wenyewe, unauzwa, nilimpigia simu kabla sijavuta pumzi.

Tulikuta nyumba imekarabatiwa. Mwenyekiti wa ushirika ni kijana anayeitwa Brian, mwenye raba nyeupe kama maziwa, na mweka hazina ni msichana mpole, Beryl. Langoni waliweka kamera, na ukutani wakatundika kanuni zao: muziki, mbwa, viatu, na chini kabisa kwa herufi nene, marufuku kukaanga samaki. Homa Bay! Kwenye kikapu cha Mama kulikuwa na ngege waliobanikwa, maana Mama haendi kwa watu mikono mitupu.

"Karibuni," Brian alisema. "Mfahamu kwanza, hapa hatuuzi nyumba. Tunakaribisha mwanachama." Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe.

Nitasema haki: kazi yao ilikuwa safi. Mbao za madirisha zilikwanguliwa rangi hadi zikaonyesha uso wake wa kwanza. Jikoni palikuwa na meza ya mawe meusi, unaweza kuhesabu meno yako juu yake. Mwisho Brian akatutoa verandani, akafungua mikono kwa fahari.

"Sakafu ni ileile ya asili. Na tazameni haya maduara meusi, moja mbele ya kila mlango. Ni pambo la mjenzi wa kwanza. Fundi alitaka kuyafunika, tukakataa kabisa."

Mama aliinama, goti likalia, akaweka kiganja juu ya duara. "Mwanangu, hili pambo ni langu."

"Lako vipi, Mama?"

"Jiko langu lilitoboka chini, makaa yakawa yanadondoka. Mzee wangu aliahidi kuninunulia jingine mpaka tukahama. Hilo la mwisho ni la Mama Boke."

Beryl aliziba mdomo kwa kicheko. Brian aliyatazama mapambo yake moja baada ya jingine. "Yote ni majiko? Mlikuwa mkikaanga nini?"

"Samaki, baba. Ziwa si lile pale?"

Akakifungua kikapu. Harufu ikatoka bila kuomba ruhusa. Nilifumba macho, nikaona mlango wetu ukifungwa. Lakini Mama alikuwa na swali lake.

"Zamani tulimketisha mgeni penye moshi tukamtazama. Nyinyi mmeniuliza yenu, nami niulize moja. Chumvi ikiwaishia, mnabisha kwa nani?"

Walitazamana. "Tunaagiza, Mama," Brian akasema. "Analeta mtu wa bodaboda."

"Chumvi?"

"Hata chumvi."

"Na boda akichelewa?"

"Tunakula hivyohivyo," Beryl akajibu, na sauti yake ikashuka mwishoni.

Waliingia ndani kushauriana na wenye mlango mwingine. Mama alibaki amesimama juu ya duara lake, akitazama maji, kama mtu ambaye hakuhama kamwe. Brian alirudi akiwa amekaza uso.

"Milango yote imekubali. Lakini Mama, jikoni huruhusiwi kukaanga samaki. Harufu inaingia kwenye makabati. Ukaangie huku nje."

"Kwani zamani tulikaangia wapi?" Mama akauliza.

Veranda yetu ilikuwa na majiko manne. Leo ina duara moja linalopata moto. Hakuna gunia, hakuna nta, watoto wako ndani, vidole vyao ndivyo vinavyocheza mpira kwenye simu. Mama Boke alirudi mpakani kulea wajukuu, na akipiga simu bado anauliza kama tumetia chumvi. Tulikuwa na kidogo na milango wazi. Hawa wana kila kitu, na kila mlango una kufuli yenye nambari ya siri.

Hata hivyo jioni, Mama akishapuliza makaa, kufuli hulia moja baada ya nyingine. Brian hutoka ameinua simu juu, ati mtandao wa ndani ni mbovu. Beryl hutoka kunyoosha mgongo. Husimama hapo wakisifu machweo, hawasemi shida yao, maana hawakufundishwa kubisha. Mama hageuzi hata shingo.

"Atieno," ananiambia, "ongeza maji."