Nilivyofunga mashini moja ya promotion nzima, asubuhi ya examen pratique

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, Maniema. Kiswahili yetu ya huku muliisha kuizoea humu ndani, muivumilie tena leo.

Naanza na haya yenyewe, juu nikizunguka nitaanza kujipaka mafuta.

Siku ya examen pratique, ule mutihani wa vitendo, mbele ya jury ya kutupima, papa mumoja ingénieur, mukubwa kupita baba yangu, aliniuliza mot de passe ya mashini. Ile neno ya siri ya kufungulia. Na mimi, jasho imefika mu soksi, nikamujibu kwa sauti:

"Mimi mukubwa."

Akaniangalia. "Nimekuuliza mot de passe. Sikukuuliza cheo."

"Ndiyo yenyewe, papa. Mimi mukubwa. Bila nafasi katikati."

Darasa nzima wakacheka. Nikaiandika. Mashini ikakataa.

Haya yote ni kweli tupu. Mama yangu mwenyewe anaweza kushuhudia, na yeye hajawahi kunitetea hata siku moja.

Sasa twende polepole.

Nilikuwa mwaka wa pili ku institut moja ya technique hapa Kasongo, section électronique. Tulikuwa watu kumi na mumoja. Mashini, yaani laptop, ilikuwa moja. Iliachwa na promotion, yaani darasa, iliyotutangulia, na wao sijui waliachiwa na nani. Batri yake ilikuwa imekufa zamani, ilifanya kazi na panneau ya jua tu. Ukichomoa waya, inazima palepale kama mutu amepigwa kofi.

Na herufi ku clavier, nyinyi wa mashariki munaita kibodi, zilikuwa zimefutika zote. Meusi tupu.

Mutauliza: sasa mulikuwa munaandika namna gani?

Karton, wakuu.

Assistant wetu, mwalimu wa mazoezi, alimwambia kila mutu alete karton ya biskuti. Tukachora clavier juu yake na biki, A hapa, Z hapa, kwa mupango wa Kifaransa. Kisha: "Fungeni macho." Yeye anasoma maneno, sisi tunagonga karton. Anapita katikati ya viti, kidole ikipotea anaigonga na biki. Miezi sita hivyo. Ukisikia darasa yetu kutoka nje ungefikiri kuna kuku wanadonoa mahindi.

Nyumbani nilifanya mazoezi ku barza. Mama akanitazama siku mbili, siku ya tatu akaniuliza, "Sefu, hiyo karton inakujibu?"

"Hapana mama."

"Basi angalau weye ni muzima. Ingejibu ndio ningeita watu."

Lakini iliingia. Mpaka leo naandika bila kuangalia. Vidole vyangu vinajua njia kuliko kichwa.

Hiyo ndiyo iliniponza.

Mashini ilikuwa inakwenda kwa zamu. Kila mutu anaipeleka nyumbani siku mbili, imefungwa mu kitenge, ndani ya mufuko, juu ya kifua ukiwa ku moto, yaani pikipiki. Zamu yangu iliangukia siku mbili za mwisho kabla ya examen.

Na mimi nilikuwa na kitu mu mufuko.

Nieleze. Mu syllabus yetu kulikuwa paragrafu moja, mistari sita tu, inasema mashini inaweza kuendeshwa na système zingine, siyo ile moja tuliyoizoea. Inataja Linux, kisha inaendelea na mambo mengine kama haijasema kitu.

Wakuu, nilifikiri Windows na mashini ni kitu moja, kama mbuzi na ngozi yake. Kumbe unaweza kuvua ngozi na kuvalisha ingine, na mbuzi anasimama anatembea! Hiyo maneno ilinishika. Nilikuwa natia chumvi mu chai. Nilitaka tu kuona. Inawaka namna gani? Rangi gani? Inasema nini ya kwanza?

Hapa huwezi kupakua kitu kizito kama ile, mutandao inakata ukiwa bado unasalimia. Nikamuomba binamu yangu wa Kindu. Akanitumia flash na motard mumoja wa mizigo, ndani ya kisanduku cha kiberiti, imefungwa na sashe ya plastiki. Ilichukua siku ine. Pengine ni download ya polepole kupita zote duniani, lakini haikukatika.

Ndani ya flash kulikuwa Linux, na ile programu tuliyohitaji kwa examen.

Sikumwambia mutu. Nilitaka kuwashangaza.

Saa tano, jua kali, nikaanza. Kwanza nilikopi kazi za watu wote ku flash ingine, siko mujinga kwa kila kitu. Kisha nikasukuma Linux. Ikaniuliza lugha, nikaweka Kifaransa. Ikauliza clavier. Hapo nikapita bila kusoma, nikabonyeza tu endelea, endelea. Ikauliza jina. Nikaandika Sefu, ikatokea Sefu, vizuri. Ikauliza mot de passe. Nikaandika "mimimukubwa", vitone vyeusi vikajipanga. Ikaomba nirudilie, nikarudilia.

Katikati ya kazi, ku nusu hivi, wingu likaja. Na mama naye akaja, na simu tatu za majirani, anataka kuzichaji ku panneau ileile.

"Mama, nakuomba, nusu saa tu."

"Unafanya nini?"

"Nabadilisha ngozi ya mashini."

"Ya watu?"

Wingu likapita. Ikamaliza.

Wakuu, ile kitu ilikuwa nyepesi! Mashini yetu ambayo unaiwasha ukaenda kuoga ukarudi, sasa inawaka ukiwa bado umeshika taulo. Nilizunguka kila pahali, nafungua hapa, nafunga pale, nauliza hii ni nini, hii ni nini. Nikaweka programu ya examen, nikaijaribu, ikakubali. Nilicheka peke yangu mu chumba kama mutu amepata barua.

Kitu kimoja tu: niliandika "mama" ikatokea ";q;q".

Nikaelewa haraka. Clavier ilikuwa ya Kiamerika. Pale kidole changu kinapojua ni A, Amerika kuna Q. Pale pa M, kuna nukta-mukato. Nikaona wenzangu watateseka kesho, wote ni watu wa karton. Nikaingia mu réglage, pale pa mipangilio, nikaweka clavier ya Kifaransa, na ili niwe muzuri kabisa nikabonyeza pale paliposema kwa watumiaji wote, tangu kuwasha.

Nikajiona muungwana. Nikachomoa waya. Mama akachaji simu zake.

Sikuiwasha tena.

Sasa, examen. Kila mutu alitakiwa kuandika programu ndogo mbele ya jury: batri ikijaa, taa iwake, batri ikichoka, taa ijizime. Jury ilikuwa assistant wetu, prof moja wa pale, na yule ingénieur kutoka Kindu. Yeye ndiye alikuwa na saini. Na saa nane kamili motard wake alitakiwa kumurudisha, juu njia ile mvua ikianza haikupitishi, unalala mu matope.

Asiyepita siku ile, anangoja session ya pili. Miezi.

Kwa sisi wengine miezi si kitu, tulikuwa tumezoea kungoja. Lakini kulikuwa Zaina.

Zaina ni wa Kabambare. Redio moja ndogo ya kule ilikuwa imemungojea yeye awe fundi wao, lakini walisema: aje Jumatatu na matokeo yake, asipokuja tunachukua mwingine, emetteur, ule mutambo wa kurusha sauti, haiwezi kunyamaza juu ya mutu mumoja. Miaka miwili amepanda moto ile njia, anafika na vumbi mpaka mu kope, anakaa kiti cha mbele. Wote tulijua ile Jumatatu. Tulikuwa tunaihesabu naye.

Na liste ilikuwa kwa herufi. Mimi Sefu wa kumi. Zaina wa kumi na mumoja.

Mashini ikawashwa. Ikatokea picha mupya, rangi mupya. Watu wote "Eee!" Mimi nikatabasamu kama bwana harusi. Assistant akanigeukia, "Sefu. Hii ni nini?"

"Ni surprise, Assistant."

Ile surprise muliisha kuisikia hapo juu. Mimi mukubwa. Imekataa. Nikaandika tena. Imekataa. Nikaandika polepole, nikaandika haraka, nikaandika huku nasoma bismillahi. Imekataa.

Ingénieur akaangalia saa yake, akaangalia mbingu.

Niliwaza kukimbia, wakuu. Siwadanganyi. Niliangalia mulango.

Saa moja nzima ilikwisha hivyo. Kila mutu anakuja anajaribu, kama mot de passe itaogopa sura yake.

Zaina hakusimama. Alikuwa amekaa na karton yake juu ya magoti. Kisha akaniita.

"We Sefu. Kuja hapa. Siku ulipoweka hiyo mot de passe, clavier ilikuwa ya nani?"

"Ya nani namna gani?"

"Ya Kifaransa ao ya wengine?"

Nikaangalia vidole vyangu.

"Ya Kiamerika," nikasema. "Niliigeuza ya Kifaransa baadaye."

"Na jina yako uliiona imetoka muzuri?"

"Ndiyo. S, E, F, U."

Akaangalia karton, akapima na kidole. "Hizo zote hazihami. Ungeitwa Amani mashini ingekukamata palepale." Kisha akageuza karton upande wa nyuma. "Funga macho. Andika ukubwa wako hapa, kama siku ile."

Nikafunga macho, nikagonga karton. Mbele ya jury, mutu muzima. Kila kidole kinapoanguka, yeye anaandika herufi ambayo Amerika wangesikia pahali pale. M yangu, nukta-mukato. W yangu, Z. A yangu, Q. Ikatoka kitu kama mutu anapiga chafya: ;i;i;ukubzq.

Ingénieur alikuwa amesimama nyuma yetu, miwani ku paji. Amesahau saa yake. "Endelea, mama," akamwambia Zaina. "Endelea."

Zaina akaenda ku mashini, akaandika ile chafya.

Ikafunguka.

Wakuu, ile kelele, watu wa soko walikuja kuchungulia.

Lakini saa moja haikurudi. Watu wakapita mumoja mumoja, haraka haraka. Nyepesi ya Linux ilitusaidia, hilo muniachie nijisifie kidogo. Wa saba, wa nane. Wa tisa alipomaliza, nje tukasikia moto inaunguruma, na mbingu upande wa Kindu ilikuwa imekuwa nyeusi kama chini ya sufuria.

Ingénieur akasema, "Mumoja. Mumoja tu tena."

Assistant akasoma, "Sefu."

Musifikiri mimi ni mutakatifu. Nilisimama. Nilivuta kiti. Hata mukono ulifika ku clavier. Nilikuwa nimeijua ile kazi mu vidole, dakika kumi tu. Kisha nikaona Zaina anakunja karton yake taratibu, anaiweka mu sakoshi. Hakuniangalia. Ingekuwa ameniangalia vibaya pengine ningekaa, juu mimi ukinikasirikia nakuwa mubishi.

Nikasema, "Assistant, aingie Zaina. Mimi tumbo inauma."

"Tumbo," akasema Assistant.

"Inauma sana."

Zaina akaandika yake kwa dakika sita. Taa ikawaka. Ingénieur akaweka batri ingine iliyochoka, taa ikazima yenyewe. Akatia saini akiwa amesimama, akapanda moto, akaenda.

Session ya pili ilipofika mimi nilikuwa Salamabila kwa kaka yangu, natengeneza simu za wachimbaji. Nikasema nitaenda ile inayofuata. Muliisha kuelewa. Leo niko hapa Kasongo, meza yangu iko pembeni ya soko, natengeneza simu na redio. Diplome, bado. Lakini laptop ikija na mutu anasema inakwenda polepole, namuuliza mara mbili kama ana hakika, kisha nakopi kazi zake, kisha naiwasha na kuizima mara tatu mbele yake kabla hajaondoka.

Hiyo ndiyo somo niliyopata, kwa wale wanaotaka fupi: jaribu kila kitu, lakini usijaribu juu ya siku ya mutu mwingine. Na ukigeuza kitu, zima uwashe. ZIMA UWASHE.

Na weye unayesoma, kama uliisha haribu mashini ya watu juu ya kutaka tu kuona, tupa yako hapa chini, nisionekane niko peke yangu. Wataalamu wa Linux nao waseme, kulikuwa njia ingine ya kuingia? Nimejiuliza mpaka leo.

Zaina alipita mezani kwangu juzi, alikuja Kasongo kuchukua vipande vya emetteur. Akakaa ku kiti cha wateja, nikamununulia soda. Nikamwambia, dada, sijawahi kukuomba musamaha kwa ile siku.

Akanywa kwanza.

"Ya kufunga mashini nilikusamehe siku ileile," akasema. "Ile iliyonikasirisha ni ingine. Mistari sita ya syllabus hata mimi nilisoma. Hata mimi nilitaka kuona. Na weye ukajifungia mu chumba ukaona peke yako. Ungetuita, Sefu. Tungeharibu wote pamoja."